Jinsi ya Kumpata Mfanyakazi Ambaye Hatafuti Kazi: Mwongozo kwa Waajiri wa Mwanza Wanaotumia LinkedIn

Wengi wanaoniandikia wamekwama mahali pamoja. Wananitumia picha ya skrini, nafungua, nakuta ujumbe ule ule: "Habari. Kampuni yetu ina nafasi ya kazi. Kama una sifa tuma CV na barua ya maombi." Umekwenda kwa watu 40. Waliojibu ni watatu, na wawili kati yao wameleta CV za wadogo zao.

Sarufi ya ujumbe huo iko sawa. Tatizo ni kwamba aliyeandikiwa ana kazi, mshahara wake unaingia kila mwisho wa mwezi, halafu anaambiwa aandike barua ya maombi. Anaomba nini? Ni wewe unayemhitaji. Tangazo la kazi ni kama karabai ya dagaa, wanaokuja ni wale walio karibu na mwanga. Huyu unayemtaka yuko kwenye maji mengine.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: tunamtafuta mkuu wa udhibiti ubora kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Wewe badilisha uweke mhasibu, mfamasia au ofisa ununuzi. Hatua ni zile zile.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Akaunti yako binafsi ya LinkedIn. Usitumie ya kampuni. Watu wanajibu watu.
- Kiwango cha mshahara kilichokubaliwa na bosi kwa maandishi, cha chini na cha juu.
- Jina la mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema "mchukue".
- Jedwali la kawaida la Excel lenye safu sita: jina, kazi ya sasa, kwa nini huyu, tarehe ya ujumbe, jibu, hatua inayofuata.
- Bando, na saa moja kwa siku kwa wiki tatu.

Hilo la mshahara usilirushe. Nimeona mtu mzuri akifika hadi mwisho, ndipo bosi anauliza, "Kwani anataka shilingi ngapi?" Hapo wiki tatu zimekwenda na maji. Kama bosi hataki kutaja kiwango, usianze.

## Hatua ya 1: Safisha wasifu wako mwenyewe

Ukimwandikia mtu, kitu cha kwanza anachofanya ni kugonga jina lako. Akikuta picha ya harusini umekatwa kichwa nusu, na kazi ya mwisho uliyoandika ni ya 2017, anafunga.

Weka picha ya uso inayoonekana. Chini ya jina andika unachofanya kwa maneno ya kawaida: "Ofisa rasilimali watu, kiwanda cha samaki, Mwanza." Kwenye sehemu ya maelezo andika mistari minne kuhusu kiwanda: mnachakata nini, mko wapi, mnauza wapi, timu ya ubora ina watu wangapi.

Umefaulu kama rafiki asiyejua kazi yako anaweza kuutazama wasifu kwa nusu dakika akakuambia unafanya nini na wapi.

## Hatua ya 2: Andika kazi, usiandike sifa

"Shahada, uzoefu wa miaka mitano, aweze kufanya kazi chini ya shinikizo." Maneno haya yanawafaa watu elfu na hayamwiti hata mmoja. Chukua karatasi ujibu maswali matatu tu.

Miezi sita ya kwanza, huyu mtu anatakiwa awe amefanya nini? Kwetu ilikuwa hivi: apitie upya mpango wa HACCP (utaratibu wa kutambua na kuzuia hatari za usalama wa chakula kiwandani), awafundishe wasimamizi wa zamu kujaza kumbukumbu za joto bila kubuni, na asimame mwenyewe mbele ya wakaguzi. Minofu inayokwenda Ulaya haina msamaha. Wanaokumbuka 1999, Umoja wa Ulaya ulipofunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya uvuvi wa sumu, wanajua kwa nini bosi anaogopa cheo hiki kukaa wazi.

Swali la pili: ni nani mwingine anafanya kazi inayofanana nje ya sekta yetu? Viwanda vya maziwa, soda na bia vina watu wa usalama wa chakula ambao ndani ya mwezi mmoja wanaizoea minofu.

La tatu: sisi tuna nini ambacho alipo hana? Ukikosa jibu hapa, simama. Rudi kwa bosi. Mtu hahami kwa sababu wewe una shida.

## Hatua ya 3: Tafuta kwa maneno yao

Hapa ndipo watu wanapotafuta "mkuu wa ubora Mwanza", wanapata watu wawili, wanasema LinkedIn haina Wasukuma. Watanzania wengi huandika vyeo vyao kwa Kiingereza kwenye mtandao huo, hata anayeongea Kiswahili kutwa nzima. Tafuta kama walivyoandika:

"quality assurance" OR "quality controller" OR "food safety"

Alama za kunukuu zinayashika maneno mawili yakae pamoja. Neno OR lazima liwe kwa herufi kubwa, la sivyo mtandao haulielewi. Ukiona wanafunzi wamejaa, ongeza NOT intern mwishoni.

Kisha fungua vichujio vyote. Wengi wanagusa cha mahali tu na kuacha vitamu.

Kampuni ya zamani. Hiki ndicho ninachokipenda. Mtu aliyetoka kiwanda cha samaki miaka miwili iliyopita, sasa yuko kiwanda cha maziwa, anajua ubaridi wa chumba cha kuchakata na hajisikii anamwibia mwajiri wake wa sasa siri za biashara. Weka majina ya viwanda vya samaki hapo, uache kampuni ya sasa wazi.

Chuo. Kwa kazi yetu niliweka Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro kwa sababu ya sayansi ya chakula, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa upande wa uvuvi, na chuo cha uvuvi cha FETA pale Nyegezi, Mwanza. Waliosoma Nyegezi wametawanyika nchi nzima, na kuna wanaotamani kurudi kanda ya ziwa ila hakuna aliyewauliza.

Mahali. Usiishie Mwanza. Weka Geita, Musoma, Bukoba, na Dar es Salaam pia. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, Kigongo hadi Busisi ni kilomita 3 hivi za lami, hakuna tena kusubiri kivuko. Mtu anayefanya kazi Geita huku familia iko Nyegezi hesabu zake zimebadilika, na ukimpa kazi ya kulala nyumbani kila siku hesabu zinabadilika tena.

Akaunti ya bure ina kikomo cha utafutaji kwa mwezi, na kikiisha unasubiri tarehe 1. Kabla hujalipia chochote, nenda Google uandike hivi:

site:linkedin.com/in "food safety" fish Mwanza

Google itakuletea wasifu ulio wazi kwa umma bila kugusa kikomo chako. Haina vichujio, lakini inafukua watu ambao LinkedIn yenyewe imewaficha ukurasa wa tisa.

Umefaulu ukiwa na majina 25 hadi 30. Ukiwa na 200 maana yake hujachuja, umekusanya.

Kuna watu hutawapata humu hata ukeshe. Fundi mzuri wa mitambo ya amonia ya kugandishia samaki ana WhatsApp na simu ya pili ya batani, LinkedIn haijui. Kwa huyo, mtafute injinia wa matengenezo aliyemsimamia, huyo yuko LinkedIn, umwombe akuunganishe. Mtandao unakupa jirani yake.

## Hatua ya 4: Soma kabla ya kugonga

Kutoka 30 baki na 10. Angalia amekaa muda gani kwenye cheo cha sasa. Mwenye miezi mitano mwache apumue. Mwenye miaka mitatu bila kupanda ana jambo moyoni hata kama hajalisema. Angalia anachoandika au kuchangia: aliyewahi kueleza jinsi walivyopita ukaguzi anakupa mlango wa kuingilia. Kwa kila mmoja jaza ile safu ya "kwa nini huyu" kwa sentensi moja. Ukishindwa kuijaza, mtoe.

Sasa tahadhari mbili.

Ya kwanza imenigharimu mimi. LinkedIn inamwonyesha mtu nani ametazama wasifu wake. Jioni moja nilitazama watu sita wa kiwanda kimoja mfululizo, jina langu na kazi yangu vikiwa wazi. Asubuhi wamekaa kantini, mmoja anasema, "Yule wa kiwanda cha pili kanitazama," mwingine, "Hata mimi." Kufika saa nne bosi wao alikuwa amempigia bosi wangu. Mwanza ni mji wa mawe makubwa na maneno madogo, yanafika haraka. Tangu siku hiyo natazama kwa hali ya faragha, inayobadilishwa kwenye mipangilio, halafu nikishachagua kumi wangu narudi hali ya wazi na kumtazama kila mmoja siku nitakayomwandikia. Hapo kuonekana kunasaidia: ujumbe ukifika, jina si geni.

Ya pili: picha na jina la ukoo visikuchagulie mtu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa kabila, jinsia, umri, dini, ndoa, ujauzito na mengine, na inamlinda hata anayeomba kazi. Na tafadhali, usimwanze mtu kwa "Mwangaluka" kwa sababu tu jina lake linasikika la Kisukuma. Nilishamwona mwenzangu akijibiwa, "Mimi Mhaya, ndugu yangu."

## Hatua ya 5: Ujumbe wa kwanza

Kwa akaunti ya bure, ombi la kuunganishwa linabeba maelezo ya herufi kama 200, na kwa mwezi unaruhusiwa maombi machache tu yenye maelezo. Ndiyo maana tumebaki na watu 10. Kila neno lifanye kazi.

Huu niliutumia:

*"Habari za kazi. Naajiri mkuu wa ubora, kiwanda cha samaki Mwanza. Nimeona umesimamia HACCP ya minofu tangu 2019. Siombi CV, naomba dakika 10 za mazungumzo."*

Tazama ulivyokaa. Salamu ipo, kwa sababu bila salamu sisi tunasoma jeuri. Nia imesemwa wazi, maana kumvutia mtu kwa "nina swali la kitaaluma" halafu ukamrushia kazi ni ujanja, na atakumbuka. Mwaka 2019 unamwambia umesoma wasifu wake, hukunakili. Na unachoomba ni kidogo kiasi kwamba kukataa ni kazi kuliko kukubali.

Akikubali kuunganishwa, usiruke na maelezo ya ukurasa mzima. Subiri saa chache, kisha:

*"Asante kwa kukubali. Kwa kifupi: ni kiwanda cha Igogo, timu ya ubora watu 9, unaripoti kwa meneja mkuu moja kwa moja. Mshahara ghafi uko kati ya X na Y kwa mwezi, na bima ya afya ya familia. Najua uko kazini na huenda huna mpango wa kuhama, hilo halina shida. Nikupigie lini jioni, au unapendelea tuandikiane WhatsApp?"*

Hizo X na Y zijaze kweli. Kuna waajiri wanaoficha mshahara kama mahari. Mtu asiyetafuta kazi hana sababu ya kuja kukisia. Na sema "ghafi" au "mkononi", kwa sababu kati ya hayo mawili kuna kodi ya PAYE na mchango wa NSSF, na ugomvi mwingi wa siku ya ofa huzaliwa hapo.

Tahadhari: usitume ujumbe mmoja kwa wote kumi ukibadilisha majina. Nilishawahi kumwita Injinia mtu ambaye ni mkemia. Hakujibu, na nisingejibu mimi pia. Vilevile, maombi mengi yasiyojibiwa yanaweza kuufanya mtandao ukuzuie kutuma mengine kwa muda.

Akaunti ya kulipia ina ujumbe wa InMail, unaomfikia mtu ambaye hamjaunganishwa. Kwa nafasi moja au mbili kwa mwaka, sioni haja. Kwa anayeajiri kila mwezi inalipa.

Umefaulu kama kati ya kumi, wanne wamejibu chochote, hata "sina mpango kwa sasa". Hilo ni jibu. Liandike kwenye jedwali.

## Hatua ya 6: Fuatilia mara moja

Siku saba zikipita kimya, andika tena mstari mmoja wenye jambo jipya: "Habari za siku. Nimesahau kusema, zamu ya usiku haimhusu mkuu wa ubora. Kama si wakati wake, niambie tu." Akikaa kimya tena, mwache. Ukiondoa ombi la kuunganishwa usijaribu kulirudisha kesho yake, LinkedIn inakuweka kando hadi wiki tatu kwa mtu huyo.

Kumwandikia mara ya tatu kunageuka usumbufu.

## Hatua ya 7: Simu

Piga jioni, baada ya saa kumi na mbili, na sentensi ya kwanza iwe, "Uko sehemu ya kuongea?" Anaweza kuwa kwenye gari la kazini na bosi wake kakaa mbele. Akisema "nitakupigia", kata bila kuuliza zaidi. Kama sauti ni ya mtu mzima kuliko wewe, anza na shikamoo, hata kama wewe ndiye mwenye kazi ya kutoa.

Usianze kumsifia kiwanda. Uliza. "Siku yako ya kazi ikoje?" "Kitu gani ungekibadilisha hapo ulipo kama ungepewa rungu?" Kisha nyamaza. Kunyamaza ni kugumu, ninajua, tunaogopa simu iliyo kimya. Lakini ndani ya zile sekunde tano ndimo linamotoka jambo lenyewe.

Dada mmoja tuliongea naye mara mbili. Mshahara nilioutaja ulikuwa juu ya aliokuwa anapata, na kila mara jibu lilikuwa, "Nashukuru, mimi nipo tu, sina shida." Mara ya pili nikakaribia kuaga. Akasema kama anayejisemea, "Hivi gari lenu la wafanyakazi linafika Buswelu?" Nikauliza kwa nini. Kumbe anatoka kazini saa nne usiku, anasubiri bodaboda peke yake barabarani, na mume wake kila siku wanagombana kwa hilo. Gari letu lilikuwa linaishia Buzuruga. Nilimwambia nitauliza, sikumwahidi. Siku ya tatu nilimtumia ratiba mpya ya dereva kwenye WhatsApp, nikaweka alama kwenye kituo cha Buswelu. Alijibu kwa neno moja: "Tuongee."

Kwa hiyo andika kila kidogo anachotaja: shule ya watoto, mshahara unaochelewa, mzazi anayetibiwa Bugando. Si vya kumbana navyo. Ni vya kujua kama kweli unaweza kumsaidia. Kama huwezi, sema huwezi.

Kabla ya kukata, uliza swali hili ambalo wengi wanalikwepa: "Ukiandika barua ya kuacha kazi, bosi wako akasema anakuongezea, utafanyaje?" Mzuri lazima ataongezewa. Afadhali alifikirie leo akiwa na wewe.

Umefaulu kama yeye ndiye anayeuliza maswali dakika za mwisho.

## Hatua ya 8: Hakiki bila kumchoma

Usimpigie mwajiri wake wa sasa kabla hajasaini mkataba wako na kukuruhusu. Unaweza kumfukuzisha kazi mtu ambaye hakuwahi kuiomba yako. Uliza wasimamizi wake wa zamani, wale aliowataja mwenyewe.

Sifa za kitaaluma zina sajili zake. Mhandisi mtazame Bodi ya Usajili wa Wahandisi, mhasibu NBAA (bodi ya wahasibu), ofisa ununuzi PSPTB (bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi). Dakika chache, na unajua kama cheti kiko hai. Kama umempata Kisumu au Jinja ng'ambo ya ziwa, anza suala la kibali cha kazi na cha ukaazi kabla hujampa tarehe ya kuanza.

Lile jedwali la Excel nalo lina sheria yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na majina, namba na maelezo ya watu uliyoyakusanya yamo humo. Usilitume kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Waliokataa na hawataki kukumbukwa, wafute.

Na asilipishwe mtu chochote, si fomu, si "usaili", si vipimo. Matapeli wa ajira wamejaa, na mgombea wako akisikia habari ya pesa anajua amekutana nao.

## Hatua ya 9: Kipindi cha notisi

Amekubali, amesaini. Wengi wanafunga jedwali hapa, na hapa ndipo wanapompoteza. Kisheria, anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi isiyopungua siku 28, na mkataba wake unaweza kudai zaidi. Muulize aliusaini wa namna gani, na kama ana deni la mafunzo au mkopo kwa mwajiri wake. Usimshauri atoroke. Atakayemtoroka mwenzako atakutoroka na wewe, tena kwenye wiki ya ukaguzi.

Hizo siku 28 bosi wake atamwita ofisini mara mbili, wenzake watamlilia, na mshahara mpya hajauona bado. Kwa hiyo usikae kimya. Wiki ya kwanza, meneja mkuu ampigie mwenyewe kumkaribisha. Wiki ya pili, mtumie mkataba uliosainiwa pande zote na maelezo ya bima, ili mwenza wake nyumbani ayasome. Wiki ya tatu, mwalike Jumamosi aje aone maabara na akutane na wale tisa, akitaka aje na mtu wake. Wiki ya nne, mtumie namba ya dereva, jina la kituo, na saa gari linapopita.